Mlango wa Chekechea Ufunguliwe Hadharani

Kila mwaka mpya unapoingia, mji wa Homa Bay huwa na misafara miwili ya wazazi. Wa kwanza ni wa wale wanaotafuta karo, magodoro na masanduku ya wanafunzi wa shule za upili. Msafara huo hutangazwa redioni, huandikwa magazetini na kuombewa makanisani. Wa pili haunenwi popote. Ni ule wa akina mama, akina baba na, aghalabu, nyanya, wanaowashika mkono watoto wa miaka minne na kuzunguka nao kutoka shule moja ya umma hadi nyingine wakitafuta nafasi ya chekechea. Nimeutazama msafara huo wa pili kwa miaka mingi, nikiwa mwalimu na nikiwa jirani wa hao wanaozunguka, nami nasadiki kwamba hapo ndipo ubaguzi katika elimu yetu huanzia. Hauanzii kwenye mtihani. Huanzia mlangoni mwa chekechea, mtoto angali hajui kushika penseli.

Najua kuna atakayecheka. Chekechea ni mahali pa kuimba, kunywa uji na kulala adhuhuri. Pana nini cha kugombaniwa? Pana mengi. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini kote Januari 2019, miaka miwili ya chekechea imekuwa sehemu rasmi ya safari ya elimu. Mtoto huingia mwaka wa kwanza wa chekechea akiwa na miaka minne, wa pili akiwa na mitano, kisha Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Na katika miji kama huu wetu, chekechea ya umma kwa kawaida imo ndani ya ua wa shule ya msingi. Mtoto aliyemo hana safari ya kufunga. Huvuka uwanja tu akaingia Gredi ya Kwanza. Yule wa nje akibisha hodi akiwa na miaka sita, hukuta madawati yamekwisha kukaliwa. Kwa hiyo anayeamua nani aingie akiwa na miaka minne ameamua pia nani atasoma katika shule hiyo hadi Gredi ya Sita. Uamuzi huo mzito hufanywa kwa siku chache, katika ofisi ndogo, na mara nyingi hauachi nyuma hata karatasi moja ambayo mzazi aweza kuisoma.

Hebu tukumbushane tulikotoka. Nasari za zamani zilikuwa za harambee. Wazazi walijenga kibanda, au kanisa likatoa chumba chake siku zisizo za ibada, na mwalimu akalipwa kwa michango ambayo mara nyingine ilikuwa debe la mahindi. Serikali ilisaidia zaidi katika mafunzo. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE), ikifadhiliwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilianza mradi wa elimu ya chekechea, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE. Lakini mzigo wa kuiendesha nasari ulibaki mabegani mwa wazazi. Hata elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure Januari 2003, chekechea iliachwa nje. Mzazi asiye na pesa za nasari alimweka mtoto nyumbani mpaka afikie umri wa darasa la kwanza, ambalo halikulipiwa.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyogeuza mambo. Jedwali lake la Nne liliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, ya Homa Bay, kama nyinginezo, imejenga madarasa na kuajiri walimu, kwanza chini ya Gavana Cyprian Awiti na, tangu 2022, chini ya Gavana Gladys Wanga. Hayo ni maendeleo, na asiyeyaona ana lake. Hata hivyo yameleta jambo jipya. Nasari ya harambee haikugombaniwa. Aliyechanga aliingia, asiyechanga akakaa nyumbani. Ulikuwa ukatili, lakini ukatili ulioonekana na kila mtu. Chekechea ya umma ni mali ya wote, ilhali nafasi zake hazitoshi wote. Penye foleni isiyo na msimamizi, wenye viwiko vyenye nguvu ndio hufika mbele.

Sasa tazama ni nani anayelinda mlango. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), chombo cha kitaifa. Mwalimu wa chekechea, aliye hatua chache tu kutoka ofisi hiyo, ameajiriwa na kaunti. Ua ni mmoja, lango ni moja, mabwana ni wawili. Katikati yao ipo kamati ya wazazi, na mara nyingi lipo kanisa lililoidhamini shule. Mzazi aliyekataliwa akienda kwa ofisa wa elimu wa kaunti huambiwa kwamba ua ni wa mwalimu mkuu. Akienda kwa mwalimu mkuu huambiwa kwamba chekechea ni ya kaunti. Wote wawili husema kweli, na baina ya kweli hizo mbili mtoto hurudi nyumbani. Mji wetu una mtaa uitwao Shauri Yako. Wakati mwingine nahisi jina hilo lingefaa kubandikwa kwenye lango la kila chekechea.

Jirani yangu mmoja, nyanya anayelea wajukuu watatu, alimpeleka kitinda mimba wao kwenye shule moja ya umma ambayo sitaitaja. Aliulizwa cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho, kwa kuwa mama wa mtoto alifariki kabla ya kukishughulikia.

"Mwalimu, cheti kitakuja. Mtoto ndiye huyu," alisema.

"Nyanya, rudi nacho Ijumaa. Nafasi itakuwapo."

Cheti cha mtoto ambaye mzazi wake amefariki hakitoki kwa siku nne. Nyanya alirudi Ijumaa na barua ya chifu. Nafasi zilikuwa zimejaa. Wiki iliyofuata mtoto wa jirani yetu mwingine, mfanyabiashara, alianza kusoma katika darasa lilo hilo.

Je, palipita mlungula? Huenda mtoto wa mfanyabiashara aliandikishwa mapema, tangu Oktoba, na haki yake ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Huenda sivyo. Hakuna awezaye kuthibitisha lolote kati ya hayo mawili, kwa maana hapakuwa na orodha. Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Pasipo na orodha, mwalimu mwadilifu na mla rushwa hufanana kama shilingi kwa ya pili. Nyanya yule ataishi akiamini kwamba mjukuu wake alinyimwa nafasi kwa sababu ya umaskini. Na ikiwa mwalimu yule hana hatia, basi naye amedhulumiwa, kwa kuwa hana cha kumwonyesha.

Kuhusu cheti hicho, nina neno zaidi. Kaunti hii si kaunti ya kudai stakabadhi kwa ukali. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima wa Homa Bay yalikuwa asilimia 19.6, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Nyuma ya tarakimu hiyo wamo watoto wanaolelewa na nyanya, shangazi na kaka zao wakubwa. Wamo pia watoto wa wavuvi, ambao leo wako Mbita, mwakani wako Sindo, na mwaka unaofuata wamehamia Karungu upande wa Migori, kwa kufuata samaki. Mfumo wa kompyuta wa wizara, NEMIS, ulipoanza kutumika, ulitaka nambari ya cheti cha kuzaliwa ili mwanafunzi asajiliwe, na tangu hapo shule nyingi hukidai cheti hicho kabla hata ya kumtazama mtoto. Nambari ni ya kompyuta. Nafasi ni ya mtoto. Hakuna kinachozuia shule kumpokea mtoto kwanza, kisha kumpa mlezi muhula mzima wa kukitafuta cheti. Kuweka cheti kuwa ufunguo wa lango ni kuwachuja watoto kwa uhai wa wazazi wao.

Kichujio kingine ni usaili. Mtoto wa miaka minne huketishwa mbele ya mwalimu akatakiwa kusoma herufi, kuhesabu hadi ishirini na kutaja rangi kwa Kiingereza. Aliyepitia akademia ya kulipia, au aliye na dada wa shule ya upili nyumbani, hufaulu. Wa mvuvi hutazama chini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 34, inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na haikubali apewe mtihani wa kuingilia shule ya umma, ila tu ule wa kujua kiwango kinachomfaa. Iweje basi mtihani wa kumfaa mtoto ugeuke kuwa mtihani wa kumfukuza? Na madhara yake hayaishii langoni. Walimu wa chekechea mnajua zaidi yangu jinsi hofu ya usaili inavyowageuza watoto wachanga kuwa watahiniwa, wakakariri mambo ambayo mtaala wenyewe unataka wayafikie kwa mchezo.

La pesa nitalipitia upesi, kwa sababu kila mtu analijua. Kuna pesa ya dawati, ya mlinzi, ya uji, ya ujenzi. Sheria iyo hiyo, kifungu cha 29, inasema kwamba hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa kutolipa malipo ya ziada, na kwamba asiwepo wa kukusanya mchango bila kutoa risiti rasmi. Mzazi anayelipa na asipewe risiti hajalipa mchango wowote. Ametoa chai.

Lakini haitakuwa haki kuwalaumu walimu wakuu peke yao, na nisingependa mwenzangu yeyote asome makala haya akidhani nimemwelekezea kidole. Homa Bay si Nairobi. Nairobi mwalimu mkuu aweza kumkatalia mtu asimwone tena maishani. Hapa kwetu atamwona shemeji yake sokoni jioni ile ile. Jumamosi atakaa naye chini ya hema moja mazishini. Jumapili mzee wa kanisa atamuuliza kwa upole ikiwa ile nafasi ya mjukuu wake imepatikana. Mwakilishi wa wadi atapiga simu. Ofisa fulani ataandika kikaratasi chenye maneno matatu: "Tafadhali msaidie huyu." Kukataa ombi la ndugu katika mji mdogo ni kukata undugu, na undugu ndio bima yetu ya maradhi, ya njaa na ya kifo. Nimewaona walimu wema wakizima simu zao Januari nzima. Nimemwona mmoja akihamisha kazi ya kuandikisha watoto nyumbani kwake usiku, si kwa sababu ana la kuficha, bali kwa sababu ofisini hawezi kupumua.

Mtu wa namna hiyo hahitaji hotuba kuhusu maadili. Anahitaji ngao. Na ngao yenyewe ni karatasi iliyobandikwa ukutani, ili aweze kusema: "Shemeji, umeiona orodha pale nje? Nafasi ni thelathini, mwanao ni wa thelathini na nne. Hata mimi sina mkono hapo." Shemeji atanuna, lakini atainunia karatasi. Katika mji mdogo, kanuni iliyo wazi ndiyo inayomwezesha mtu kuwa mwadilifu bila kuwa adui wa jamaa zake. Wanaodhani uwazi ni adhabu kwa walimu hawajawahi kuketi katika kiti hicho.

Mfano wa nguvu ya kanuni inayojulikana tunao hapa hapa nchini. Mwaka 2011 wizara ya elimu ilitenga sehemu kubwa ya nafasi za shule za kitaifa kwa watahiniwa waliotoka shule za msingi za umma. Wazazi wa shule za kibinafsi walikasirika, wakaenda Mahakama Kuu katika kesi iliyojulikana kwa jina la John Kabui Mwai. Mahakama ilikataa ombi lao. Wapo waliofurahi na wapo waliolia, na mimi sina haja ya kuufufua ugomvi huo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba palikuwa na kanuni ya kushtakiwa. Ilitangazwa, ikasomwa, ikachukiwa, ikafikishwa mahakamani, na mahakama ikatoa sababu zake. Nyanya wa Shauri Yako angeshtaki kanuni ipi? Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Yeye alipewa neno moja, "zimejaa", tena kwa mdomo.

Nchi ya Chile iliwahi kuwa na tatizo la aina hii, tena kubwa kuliko letu. Shule zilizopokea fedha za serikali zilikuwa zikiwasaili watoto, na hata wazazi wao, kabla ya kuwapokea. Mwaka 2015 bunge lao lilipitisha sheria ya kuukomesha mchujo huo, na utaratibu mpya ukaanza mwaka uliofuata katika mkoa wa Magallanes kabla ya kuenezwa kwingineko. Mzazi hupanga shule anazozipenda kwa utaratibu wa upendeleo wake. Shule ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, hutangulia watoto wenye ndugu waliomo tayari. Kisha wa familia maskini, ambao hutengewa asilimia 15. Kisha watoto wa wafanyakazi wa shule yenyewe. Kisha waliowahi kusoma hapo. Waliobaki hupigiwa kura ya bahati nasibu. Lililonivutia ni hilo la watoto wa wafanyakazi. Wachile hawakujifanya malaika. Walijua mwalimu atataka mwanawe asome anapofundisha, wakaliandika jambo hilo, wakalipa nafasi yake katika foleni. Upendeleo ulioandikwa una mpaka. Ule wa kimyakimya hauna.

Sisi hatuhitaji kompyuta ya Chile. Kwa mji wa ukubwa wa Homa Bay, daftari na ubao wa matangazo vyatosha. Kabla ya likizo ya Novemba, kaunti na walimu wakuu wakae pamoja, watangaze kila chekechea ya umma ina nafasi ngapi. Watangaze makanisani, sokoni na katika redio za Kijaluo, wala si kwa kunong'onezana langoni. Kila mtoto anayeletwa aandikwe, apewe nambari, na mlezi apewe kikaratasi chenye nambari hiyo na tarehe. Vigezo viwe vichache na vya kueleweka: umri, umbali wa nyumbani, ndugu aliyemo. Nafasi zikizidiwa na waombaji, kura ipigwe uwanjani mbele ya wazazi wote, nambari zikichomolewa kutoka ndani ya ndoo. Kisha matokeo yabandikwe, pamoja na foleni ya wanaosubiri. Kinachobandikwa kiwe nambari, kisiwe majina, wala kisitaje nani ni yatima na nani ni mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazilinda habari za watoto, na hata isingekuwapo, adabu ingetosha.

Mwalimu mmoja niliyemweleza haya alinijibu kwamba orodha haijengi darasa. Kama nafasi ni thelathini na watoto ni hamsini, ishirini watabaki nje hata tukipiga kura mbele ya malaika. Ni kweli. Lakini leo hao ishirini hawaandikwi popote. Mtoto aliyekataliwa haachi alama. Takwimu zinazopelekwa kwa kaunti ni za waliomo darasani, na kwa takwimu hizo darasa limejaa sawasawa, hakuna upungufu, kila kitu ni shwari. Ofisa anayepanga mahali pa kujenga darasa jipya anatazama daftari la waliopokewa, halafu anashangaa kwa nini upande wa ufuo una watoto wengi wanaozurura saa nne asubuhi. Orodha ya wanaosubiri ndiyo hesabu ya pekee ya uhitaji. Bila hiyo darasa litajengwa penye mwanasiasa mwenye sauti, na penye watoto litasubiri.

Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, ambao baadhi yenu mtakabidhiwa daftari hilo kabla hamjafikisha miaka ishirini na mitano, someni kifungu cha 35 cha Katiba pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Siku moja mtaulizwa. Sheria hiyo inamruhusu raia kuomba habari kutoka ofisi yoyote ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ombi halilipiwi. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa kinywa, na ofisa analazimika kuliandika ombi hilo kwa niaba yake. Uamuzi sharti utolewe ndani ya siku 21, na anayenyimwa aweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Nilimsomea nyanya yule maneno hayo, tukiwa tumeketi barazani kwake. Aliuliza ikiwa kweli ofisa wa serikali ataandika anayoyasema yeye. Kisha akaanza kuyapanga kwa vidole: nafasi zilikuwa ngapi, zilijazwa siku gani, waliopokewa walipatikana kwa utaratibu upi, na mjukuu wake alikuwa wa ngapi. Ni maswali manne tu. Jumatatu tunayapeleka kwenye ofisi ya elimu ya kaunti, naye ameniomba nimwandikie tarehe ya siku ya 21 kwenye kalenda yake ukutani.